Kamera nyembamba ya mfukoni: kabla hujatoa pesa, soma namba za kwenye pete ya lenzi

#1 MjombaWaArua

Ndugu zangu, salaam. Juzi usiku binti wa dada yangu alinitumia ujumbe kutoka Kampala. Amepata kazi kwenye kambi ya watalii huko Buhoma, mlangoni mwa msitu wa Bwindi, ule wa gorila, na ameambiwa atakuwa akipiga picha za wageni na za msitu kwa ajili ya kurasa za kambi mtandaoni. Akaniandikia: "Mjomba, nimeona kamera nyembamba sana, megapikseli 48, zumu mara 16, laki mbili na nusu. Ninunue?" Chini yake akaweka picha ya boksi.

Nimemjibu asinunue. Lakini "usinunue" bila sababu haimsaidii mtu, na swali hilohilo naulizwa kila mwezi na vijana wengine, basi nimeona niandike hapa kwa urefu, yeye asome na wengine wasome. Mimi napiga picha za sherehe Arua na vijiji vya jirani tangu 2009, na miaka mingi kati ya hiyo nimeishi na kamera nyembamba mfukoni, hata siku nilizobeba kubwa begani. Nazipenda. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anauziwa boksi tupu kwa jina la kamera.

Nianze na hizo megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Picha ya kawaida tunayochapisha studio, ya sentimita 10 kwa 15, ikitaka kutoka safi inahitaji nukta 1,800 kwa 1,200 hivi. Zidisha: milioni mbili na kidogo. Megapikseli 2 zimetosha. Karatasi nzima ya A4 kwa ubora huohuo inataka karibu megapikseli 9. Hizo 48 ni za nini basi? Kwenye kamera mpya za bei hiyo mara nyingi si nukta za kweli. Kihisi kina nukta chache, halafu programu iliyo ndani inazitanua kwa kukisia rangi za nukta za katikati. Ni uji ulioongezwa maji, sufuria imejaa ila unga ni uleule. Fungua picha yake kwenye kompyuta, ikuze mpaka mwisho, utazame nyusi za mtu: zimekuwa tope.

Kihisi ni kile kijipande kinachopokea mwanga, kazi iliyokuwa ya filamu zamani. Katika kamera nyingi nyembamba kina upana wa milimita 6.2 na kimo cha 4.6 hivi. Weka punje ya hindi juu yake, inakifunika. Mchana wa jua la kwetu hutaona ubaya wowote. Jua likizama, au ukiingia ndani ya nyumba yenye dirisha moja, kamera inalazimika kuukuza ule mwanga kidogo iliopata, na chengachenga zinaanza kujitokeza kwenye mashavu ya watu na kwenye vivuli. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si megapikseli ngapi. Muulize kihisi kina ukubwa gani, na kama hajui, tafuta mwenyewe jina la modeli kabla hujalipa.

Halafu wembamba wenyewe, unatoka wapi? Hapa nawavulia kofia mafundi wa Japani. Lenzi yenye zumu, ile ya kuvuta kitu cha mbali kiwe karibu, ni msururu wa vioo vinavyohitaji nafasi kati yake, na nafasi ndiyo kitu ambacho kamera nyembamba haina. Casio walipotoa Exilim EX-S1 mwaka 2002, yenye unene wa milimita 11.3, waliamua kuacha vitu: hakuna zumu, fokasi (umbali ambao picha inatoka kali) haibadiliki, megapikseli 1.2 basi. Mwaka huohuo Minolta wakaja na akili nyingine katika DiMAGE X. Waliisimamisha lenzi ndani ya mwili wa kamera, kutoka juu kwenda chini, na mbele yake wakaweka kioo kinachoupinda mwanga kwa nyuzi 90. Zumu ikafanya kazi yote ndani, hakuna kinachotokeza nje. Sony wakaipita njia hiyohiyo kwa Cyber-shot zao za T, zile zenye kifuniko cha kutelezesha. Pentax nao mwaka 2003, kwenye Optio S, lenzi ilitoka nje kama kawaida, ila ikirudi kundi moja la vioo linasogea pembeni ili mengine yapate pa kulala.

Naeleza haya kwa sababu ya vumbi. Kamera nyingi nyembamba zina lenzi ya kutoka na kuingia, mirija miwili mitatu inayochomozana. Desemba moja nilikuwa Yumbe kwenye mahafali ya chekechea, uwanja umekauka, upepo unavuma. Watoto wamevaa majoho ya bluu yaliyowazidi urefu, wanapanda jukwaani mmoja mmoja. Mtoto wa saba alipopanda nikasikia krrr, lenzi ikasimama katikati, haitoki hairudi, na skrini ikaandika kwamba lenzi ina hitilafu kisha ikazima. Chembe moja ya mchanga. Mama yake yule mtoto alikuja baadaye kuniomba picha, na sikuwa nayo. Siku ile sikuwa na kamera ya pili. Tangu hapo kamera yangu ya mfukoni ya kiangazi ni ile yenye lenzi ya ndani. Nayo ina dosari yake: lenzi imekaa pembeni kabisa, juu kwenye kona, na ukiishika kwa haraka kidole chako cha kushoto kinaingia kwenye picha. Nilichukua miezi kuzoea kukikunja.

Sasa pete. Geuza kamera, tazama kuizunguka lenzi. Pale pameandikwa namba ndogo, na namba hizo ni ngumu kuzidanganya kuliko boksi. Mfano Canon IXUS 285 HS ya mwaka 2016 imeandikwa 4.5-54.0mm 1:3.6-7.0. Gawanya 54 kwa 4.5, unapata 12. Hiyo ndiyo zumu ya lenzi ya kweli, mara 12, vioo vinasogea. Ukikuta namba moja peke yake upande wa milimita, jua lenzi haisogei, na ile "mara 16" ya kwenye boksi ni kukata katikati ya picha na kuitanua. Kitu hicho utakifanya mwenyewe nyumbani bila kulipa.

Namba za upande wa pili, 3.6 hadi 7.0, ni ukubwa wa tundu la kuingizia mwanga, na hapa namba ikiwa kubwa tundu ni dogo. Bila kuvuta zumu tundu ni 3.6. Ukivuta mpaka mwisho linakuwa 7, na mwanga unaoingia unabaki karibu robo ya ule wa mwanzo. Ndiyo maana ukivuta zumu jioni picha inatikisika: kamera inaliacha tundu wazi muda mrefu ili ifidie, na mkono wa binadamu haukai kimya muda huo wote. Kizuia mtikisiko cha ndani ya lenzi kinasaidia mkono wako. Mtu unayempiga picha akisogea, hakimsaidii.

Flashi. Kamera nyembamba ya kweli ina flashi ya xenoni, ile inayolia kijimlio chembamba ikijichaji. Inawaka kwa muda mfupi sana, sehemu ya elfu moja ya sekunde au chini yake, ndiyo maana mchezaji ngoma anaganda hewani na jasho lake likionekana. Lakini nguvu yake inafika mita 3 au 4 tu, na ukivuta zumu zinabaki kama mbili. Nimewaona watu wamekaa nyuma ya ukumbi wanamulika jukwaa, picha zote zinatoka nyeusi na visogo vya walio mbele vimeng'aa. Sogea mbele.

Jambo moja nimeulizwa mara nyingi kwa hofu hapa West Nile, kona yetu hii ya kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ngoma ya usiku, picha imejaa viduara vyeupe vinavyoelea, wazee wanasema ni roho za watu. Ni vumbi la miguu ya wachezaji. Kwenye kamera nyembamba flashi iko sentimita mbili tatu kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo chembe iliyo karibu na kamera inamulikwa na kuonekana kubwa, haiko kwenye fokasi, inakuwa duara. Ukaribu huohuo ndio unaotia macho wekundu. Zima flashi upige nyingine, viduara vinaondoka.

Pamoja na hayo yote, nitakwambieni kwa nini siiachi. Mama yangu akiona kamera kubwa alikuwa anakaza uso, anashusha mikono kama yuko kwa mkuu wa wilaya. Picha zote za arusi za watoto wake yuko hivyo. Mwaka mmoja nilikuwa nimekaa naye nje anapepeta simsim, ile kamera nyembamba iko kiganjani, jirani akapita akasema neno, mama akacheka kichwa kikiwa nyuma na ungo umeinuliwa. Nilibonyeza mara moja. Hakujua. Ni picha ya megapikseli 6, ina chengachenga kidogo chini ya mti, na ndiyo tuliyoiweka mbele siku ya mazishi yake.

#2 FundiKisenyi

Mzee wa Arua, umesema kweli kuhusu mchanga. Mimi natengeneza vitu hivi Kampala, na nusu ya kamera nyembamba zinazofika mezani kwangu ni lenzi iliyokwama. Niongeze maneno mawili matatu.

Ikikwama, usiisukume kwa kidole. Ndani mna magurudumu ya plastiki yenye meno madogo kuliko ya kitana cha mtoto, ukisukuma yanavunjika, na hapo hakuna tena cha kutengeneza. Toa betri, puliza kwa pampu ndogo ya mpira kuzunguka mirija, elekeza lenzi chini, jaribu tena. Ikikataa lete kwa fundi.

Pia watu wasifungue kamera nyumbani. Nawaomba sana. Kando ya flashi mna kapasita inayohifadhi volti 300 hivi, na inaweza kubaki na umeme muda mrefu hata betri ukiwa umetoa. Kijana wangu wa kazi iliwahi kumrusha kutoka kwenye stuli, na kamera ilikuwa imezimwa tangu jana yake.

Anayenunua iliyotumika aiwashe na kuizima mara kumi mfululizo akiiweka sikioni. Sauti iwe ileile kila mara. Kisha apige karatasi nyeupe akiwa amevuta zumu mpaka mwisho, aone kama kuna madoa meusi ya vumbi lililoingia ndani. Kisha afunike lenzi kwa kiganja apige gizani, aone kama kuna nukta zinazowaka. Mlango wa betri ndio unaovunjika mapema kuliko kitu chochote, aubonyeze aone unavyoshika. Na chaja iwepo. Bila chaja, ashushe bei au aondoke.

#3 MjombaWaArua

Fundi, asante sana. Hilo la kapasita sikuliandika, na lilistahili kuwa mwanzo.

Umenikumbusha kadi za kuhifadhia picha. Kamera zilizotoka kabla ya 2006 hazisomi kadi za SDHC, zile za zaidi ya gigabaiti 2, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 unayoikuta kila duka la simu haitafanya kazi humo. Zinataka SD za zamani, mwisho wake gigabaiti 2. Mimi nilibadilisha kadi mpya mbili dukani nikidhani ni mbovu, kumbe kamera ndiyo haizijui. Na zile za Olympus na Fujifilm zilizotumia kadi za xD, au Sony za kadi za Memory Stick, ukiikuta nzuri hakikisha kadi imo ndani na inafanya kazi, maana kuitafuta baadaye ni safari.

#4 Binti_Walukuba

Shikamoo mjomba. Mimi niko Jinja, nasoma. Vijana wenzangu sasa wanatafuta hizi za zamani zenye kihisi cha CCD, aina iliyotumika zamani, wanasema rangi zake ni tamu kuliko za sasa, na flashi inatoa ule mwonekano wa picha za wazazi wetu wakiwa vijana. Ni kweli au ni mtindo tu? Na kuna aliyeniambia nipige video humo, ninataka kurekodi mashindano ya ngoma shuleni.

#5 MjombaWaArua

Marahaba mwanangu. Rangi unayoiona inatokana na mengi: lenzi, flashi ya uso kwa uso, na namna kila kampuni ilivyopika rangi zake wakati ule. CCD ni sehemu tu ya mapishi. Mimi mwenyewe napenda wekundu wa udongo wetu unavyotoka kwenye Canon yangu ya 2005, sitakudanganya. Kama picha zake zinakufurahisha, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuipenda, ila usilipe bei ya arusi kwa herufi tatu.

Zinapatikana kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno. Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 duniani, nyingi zikiwa hizi ndogo, kabla simu hazijachukua soko. Ziko kwenye droo za watu. Uliza shangazi zako kwanza.

Video kwenye CCD, hapana. Ni ndogo, na taa ikiingia kwenye fremu inaweza kukuchorea mstari mweupe kutoka juu hadi chini. Kwa ngoma za shule tafuta ya baadaye yenye CMOS, aina mpya ya kihisi, na kabla hujaanza ingia kwenye menyu utafute palipoandikwa NTSC na PAL, mifumo miwili ya kurekodi video, uweke PAL. Umeme wetu Uganda ni hezi 50, na PAL ndiyo inayokwenda nao. Ukirekodi kwa NTSC ukumbi wenye taa za mirija utaona mistari ya giza inapanda kwenye video yote, na hakuna namna rahisi ya kuiondoa baadaye. Hili nimelijua baada ya kuharibu sherehe nzima ya watu.

#6 MamaKanzu_Bombo

Mimi ni wa Bombo. Nina kamera nyembamba aliyoniachia kaka yangu, naipenda, lakini kila nikipiga kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, au maulidi, picha zinatoka na giza. Kanzu nyeupe zinakuwa kijivu na nyuso za watu hazionekani vizuri. Nikipiga watoto wangu mbele ya ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa ni hivyohivyo. Kamera imekufa au ni mimi?

#7 MjombaWaArua

Dada yangu, kamera ni nzima na wewe huna kosa. Hili ndilo jambo ninalotamani kila mpiga picha wa kwetu angelijua siku ya kwanza.

Kamera haijui inatazama nini. Inachukua mwanga wote wa kwenye fremu na kuusogeza uwe wa wastani, kijivu cha katikati. Ukijaza fremu kwa wanaume ishirini wenye kanzu, inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu zinakuwa kijivu, na ngozi zetu nyeusi, ambazo tayari ndizo zenye kiza kuliko vyote pale, zinazama. Ukuta wa chokaa unafanya hivyohivyo.

Dawa iko kwenye kamera yako. Tafuta kitufe chenye alama ya + na -, mara nyingi kiko kwenye duara la nyuma. Kanzu zikijaa fremu, panda hadi +1. Mtu mmoja mbele ya ukuta mweupe, +0.7. Ukipiga kina mama waliovaa magauni ya gomesi ya zambarau na ya kijani iliyokolea, rudisha sifuri. Na mtu akisimama mlangoni nyuma yake kuna jua, lazimisha flashi iwake hata kama ni saa sita mchana, yule mshale wa radi usio na herufi A. Usimwache kuwa kivuli.

Ukimaliza, usiiamini skrini ukiwa juani. Ingia kivulini, kuza uso wa mtu mmoja, uone kama mistari ya chini ya macho inaonekana. Ikionekana, endelea.

Nyongeza kwa sababu umesema kwanjula. Picha ya kamera hizi ina umbo la 4 kwa 3, lakini karatasi ya studio ya 10 kwa 15 ni 3 kwa 2. Wakichapisha wanakata zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kimo. Ndiyo sababu ya vichwa vilivyokatwa na miguu iliyopotea kwenye picha za kundi. Acha hewa juu na chini unapopiga, au badilisha umbo kwenye menyu liwe 3:2 kama lipo.

#8 MwongozaMsitu_Kasese

Wakubwa, nimesoma yote. Mimi nimewapeleka wageni Bwindi na milima ya Rwenzori kwa miaka, niseme kuhusu huyo binti wa Buhoma.

Kule ndani ni giza hata saa nne asubuhi. Majani yamefunika juu, gorila ni mweusi, amekaa kwenye kivuli cheusi, na mkishawafikia mna saa moja tu. Flashi hairuhusiwi kabisa. Kwa hiyo ile sifa kubwa ya kamera nyembamba aliyoisema mzee, ya flashi, pale haipo. Nimeona wageni wenye zumu ndefu za mara 20 na 30 wanarudi na picha za moshi. Mwenye zumu fupi na tundu kubwa anarudi na macho ya gorila.

Ajifunze kuzima si flashi tu, hata ile taa ndogo ya rangi ya machungwa inayowaka mbele kusaidia fokasi, na sauti zote. Azizime usiku kabla, si mbele ya gorila. Mvua haiulizi msimu, abebe mfuko wa plastiki wenye kufungika. Na akija siku moja kwetu Rwenzori, betri ilale naye ndani ya koti. Baridi ya juu inaishusha hata kama ilijaa.

#9 SimuYanguInatosha

Kwa heshima zote, simu ya kisasa inafanya haya yote. Kwa nini mtu abebe vitu viwili?

#10 MjombaWaArua

Ndugu, una haki katika sehemu kubwa. Usiku bila flashi, simu nzuri inapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha kuwa moja, na inaishinda kamera nyembamba yenye kihisi cha punje ya hindi. Mwenye simu nzuri na matumizi ya kawaida, abaki nayo, nami nitamwambia hivyo.

Lakini simu ya huyu binti si nzuri, na ya kuwa nzuri hivyo ni pesa nyingi kuliko kamera iliyotumika. Pili, zumu ya vioo. Tatu, kazi: simu ikiita katikati ya kiapo, au chaji ikiisha na wewe ndiye unayesubiriwa na boda kijijini, umepoteza vyote viwili. Kabla gridi ya taifa haijafika huku West Nile mwaka 2023 nilikuwa natembea na betri tatu mfukoni, kila moja ndogo kama kibiriti, na kamera haikunizimikia hata siku moja. Kwenye hizi nyembamba betri tatu si anasa. Ile IXUS niliyoitaja inahesabiwa picha 180 kwa chaji moja. Na betri ikianza kuvimba, hata kidogo, itoe usiitumie tena.

Mwongoza wa Kasese, asante, umenisaidia kuamua. Tundu la 2 linaingiza mwanga mara tatu zaidi ya la 3.6. Kwa Bwindi hilo ndilo la kutafuta, na zumu ndefu aisahau. Bora kabisa ingekuwa kitu kama Sony RX100 ya 2012, kihisi chake kina milimita 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne ya hizi za kawaida, na bado inaingia mfukoni. Ila kwa pesa yake haifikii. Nimemwambia atafute Canon PowerShot S90 au S95. Ni nene kidogo, kihisi kimepita cha kawaida, na ina megapikseli 10 tu. Nimeona alivyosita aliposikia hiyo 10.

#11 MjombaWaArua

Wapendwa, narudi na habari. Leo binti amezunguka Kampala tangu asubuhi, amekataa mbili. Moja lenzi ilikuwa inatoa sauti mbili tofauti, amefanya kama Fundi alivyosema, sikioni mara kumi. Ya pili ilikuwa safi ila muuzaji hana chaja na hataki kupunguza.

Saa tisa akanipigia yuko kwa mtu mwingine. Nikamwambia asiniambie bei kwanza, aigeuze anisomee pete. Akasoma polepole, nasikia magari nyuma yake: "Sita nukta sifuri hadi ishirini na mbili nukta tano milimita. Moja, nukta pacha, mbili nukta sifuri hadi nne nukta tisa." Hizo ndizo namba za S90 na S95, na hii ni S95. Karatasi nyeupe haikuonyesha doa, giza halikuonyesha nukta, mlango wa betri unashika. Akapiga picha moja ndani ya duka bila flashi, ya mzee mwenye duka aliyekaa nyuma ya kaunta, akanitumia. Nywele nyeupe za kidevuni zinahesabika.

"Ninunue, mjomba?"

Nimemwambia anunue. Keshokutwa anapanda basi kwenda Buhoma, na betri iliyokuja nayo ni moja tu, imechoka. Mwenye betri ya NB-6L nzima pale Kampala, au Mbarara njiani, aniandikie hapa leo, nitamtumia pesa kwa simu.